Wasomaji Wauliza: Dawa ya Mafuta Kabla ya Kufunguliwa Kifua

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: upasuaji wa moyo na statini, zile dawa za kushusha kolesteroli ambazo mtaani zinaitwa dawa ya mafuta. Tumezijibu kwa pamoja. Maswali mafupi yako mwishoni.

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 63, mishipa mitatu ya moyo imeziba, na amepangiwa kupandikizwa mishipa kule Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ana miezi minane anameza atorvastatini ya miligramu 40. Hospitali wamemwambia aache klopidogreli siku tano kabla. Muuzaji wa duka la dawa hapa mtaani anasema basi aache na ya mafuta, ini lipumzike kabla ya nusukaputi. Kaka ameshaificha. Tufanyeje? — Binti, Nkuhungu, Dodoma

Marahaba binti. Mwambie kaka aitoe leo hii na baba aimeze usiku huu kama kawaida yake.

Klopidogreli inasimamishwa kwa sababu inazizuia chembe sahani kugandisha damu, na mgonjwa aliyefunguliwa kifua akiwa nayo mwilini anaweza kuvuja damu hadi arudishwe tena chumba cha upasuaji. Statini haifanyi damu kuwa nyepesi kwa namna hiyo, wala haigombani na dawa za usingizi. Kazi yake kwa baba ni kuyatuliza yale mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa yasije yakapasuka. Ukiikatisha ghafla kwa mtu mwenye mishipa mibovu, kinga hiyo huanza kupotea ndani ya siku chache, na hizo ndizo siku ambazo moyo wake unaihitaji zaidi.

Hofu ya ini tunaielewa, ila ina kipimo chake. Angalieni ALT, kipimo cha ini, kwenye majibu ya maabara. Ikiwa imepanda kidogo juu ya kiwango cha kawaida, dawa inaendelea. Daktari huanza kufikiria kupunguza au kusimamisha pale inapozidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, tena baada ya kurudia kipimo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anayemeza usiku anameza dozi yake usiku wa kuamkia upasuaji. Anayemeza asubuhi anameza asubuhi hiyohiyo kwa funda dogo la maji, akiwa amemweleza mtaalamu wa usingizi. Baada ya upasuaji, mirija ikishatolewa kooni na mgonjwa akaweza kumeza, dawa inarudi, kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili. Akichelewa kuamka, wauguzi wanaweza kukisaga kidonge cha atorvastatini na kukipitisha kwenye mpira wa tumboni.

Mambo huharibika zaidi wakati wa kuhama. Mgonjwa anatoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwenda wodini, karatasi ya dawa inaandikwa upya, aspirini inaandikwa, ya presha inaandikwa, ya mafuta inasahaulika. Kisha anaruhusiwa kurudi Dodoma bila hiyo dawa, na hakuna anayegundua mpaka kliniki ya miezi mitatu. Kwa hiyo andikeni dawa zote za baba kwenye karatasi moja: jina la dawa lenyewe, si la kampuni tu, miligramu, saa anayomeza, na tarehe ya dozi ya mwisho. Nakala moja akae nayo anayemuuguza. Siku ya kuruhusiwa mlinganishe karatasi hiyo na cheti kipya, mstari kwa mstari, kabla hamjatoka getini. Safarini dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, iwe ni treni ya SGR au basi. Buti la basi mchana wa Novemba linapita kwa mbali nyuzi 30 zilizoandikwa kwenye boksi.

Kuhusu dawa nyingine, muulizeni daktari wa upasuaji moja moja, kwa sababu kila moja ina ratiba yake. Aspirini mara nyingi inaendelea kwa anayepandikizwa mishipa. Bisoprololi, karvediloli na ndugu zao hazikatwi ghafla. Dawa za presha zinazoishia na -prili au -satani huweza kurukwa siku ya upasuaji ili presha isianguke akiwa mezani. Dapagliflozini na empagliflozini, kama ana kisukari au moyo uliochoka, husimamishwa siku tatu kabla, maana zinaweza kuleta asidi kwenye damu hata sukari ikiwa inaonekana nzuri. Diklofenaki na ibuprofeni asiziguse kabisa.

Mke wangu ana miaka 34. Valvu yake ya mitrali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo tangu utotoni, sasa anakwenda kubadilishiwa. Shemeji ametutumia karatasi mbili za rosuvastatini ya miligramu 20 na ujumbe kwamba ukizimeza siku saba kabla ya upasuaji zinapunguza mwako wa mwili, moyo haupigi ovyo na mgonjwa anapona haraka. Hajawahi kutumia dawa ya mafuta. Nimesoma baiolojia kidogo, naomba mnieleze kwa undani badala ya kunijibu ndiyo au hapana. — Mume, Manyoni

Ndugu yetu, vidonge hivyo asivimeze. Hata hivyo wazo la shemeji si la kipuuzi. Madaktari wakubwa waliliamini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo umeomba maelezo yanayostahili.

Mwako tunaouzungumzia ni ule mwitikio wa kinga: mwili kupata joto, mishipa midogo kuvuja maji, chembe nyeupe kukimbilia vitani. Upasuaji wa moyo unauamsha kwa nguvu kuliko operesheni nyingi. Mkeo akiwa mezani, damu yake itatolewa karibu na moyo, ipite kwenye mipira, ipewe oksijeni na mashine ya moyo na mapafu, kisha irudishwe mwilini. Mashine hiyo ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1953 mikononi mwa John Gibbon, Philadelphia, na imeboreshwa mno tangu hapo, lakini damu bado inaitambua plastiki kuwa kitu kigeni. Protini za kinga ziitwazo komplimenti zinaamka, chembe nyeupe zinachangamka. Halafu kuna moyo wenyewe. Ili valvu ibadilishwe, mshipa mkuu wa aota hubanwa na moyo husimamishwa kwa maji maalumu yenye potasiamu nyingi. Klempu ikifunguliwa, damu inarudi kwenye misuli iliyokuwa na njaa ya oksijeni, na kule kurudi kwenyewe kunaijeruhi kwa mara ya pili.

Ndiyo maana baada ya upasuaji utaona homa ya siku mbili tatu, presha inayoyumba, mapafu yenye maji, na kwa wagonjwa wengi vyumba vya juu vya moyo kuanza kupiga bila mpangilio, hasa kati ya siku ya pili na ya nne. Kipimo cha CRP, kinachopima mwako, hufika kilele siku ya pili au ya tatu hata kama hakuna maambukizi yoyote. Ukiliona jibu hilo limepanda usiogope kabla hujamsikia daktari.

Statini inaingiaje hapa? Inakizuia kimeng'enya cha HMG-CoA redaktesi, kinachotumika kutengeneza kolesteroli. Ila mnyororo huohuo wa utengenezaji unatoa pia vipande vidogo vya mafuta ambavyo protini za ishara, Rho mojawapo, huvitumia kujishikiza kwenye utando wa seli. Vikipungua, ishara za mwako zinapoa, na ukuta wa mshipa unatoa naitriki oksaidi zaidi. Hili halikubaki kwenye maabara tu. Utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008, wenye watu 17,802 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, ulionyesha rosuvastatini ya miligramu 20 ikishusha CRP kwa asilimia 37. Na mwaka 2006 huko Italia, utafiti wa ARMYDA-3 uliwapa wagonjwa 200 atorvastatini ya miligramu 40 au kidonge bandia kwa siku saba kabla ya upasuaji wa moyo. Mapigo yalivurugika kwa asilimia 35 ya waliomeza dawa na asilimia 57 ya waliomeza bandia. Zile siku saba za shemeji huenda zimetoka hapo.

Shida ni kwamba wagonjwa 200 ni wachache, na tafiti nyingine nyingi za wakati ule zilikuwa za kuangalia tu mafaili: waliokuwa wakimeza statini walipona vizuri zaidi, lakini walikuwa pia watu waliohudhuria kliniki, waliofuatiliwa presha, waliokuwa na aspirini. Ukisoma mafaili hayo huwezi kujua kilichowasaidia ni kidonge au ni ile huduma yote.

Jibu lenye uzito lilitoka mwaka 2016. Utafiti wa STICS, uliofanyika Beijing, uliwagawa wagonjwa 1,922 wa upasuaji wa moyo kwa bahati nasibu. Nusu walipewa rosuvastatini ya miligramu 20 kila siku, dawa ileile na kipimo kilekile ulichotumiwa. Nusu wakapewa kidonge bandia. Na tazama kilichotokea: CRP ilishuka kweli, na LDL, ile kolesteroli mbaya, ikashuka kweli. Lakini mapigo yalivurugika kwa asilimia 21 ya waliomeza dawa na asilimia 20 ya wasiomeza, yaani hakuna tofauti. Kuumia kwa misuli ya moyo, kulikopimwa kwa troponini, hakukutofautiana. Kilichotofautiana ni figo. Waliomeza dawa waliumia figo zaidi ndani ya saa 48, kwa kadirio la wagonjwa watano zaidi katika kila 100.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo wengi wanaosambaza ujumbe wa namna hii hawalifikii. Namba ya mwako ilishuka na mgonjwa hakufaidika. CRP inaonyesha kwamba kuna mwako, lakini kuishusha hakuzuii yale yanayoujeruhi moyo mezani.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilitoa utafiti wa wagonjwa 615 uliolenga figo moja kwa moja, ukitumia atorvastatini. Ambao hawakuwa wakitumia statini walipewa miligramu 80 siku moja kabla, 40 asubuhi ya upasuaji, kisha 40 kila siku. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kukosa faida. Katika kikundi kidogo cha watu ambao hawajawahi kumeza statini na figo zao tayari zilikuwa dhaifu, figo ziliumia kwa 9 kati ya 17 waliopewa dawa, na kwa 3 kati ya 19 waliopewa bandia. Idadi ni ndogo, hatuwezi kuijengea nyumba, lakini imeelekea kulekule kwa STICS. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha wapasuaji wa moyo na kifua wa mwaka 2017 ukaweka wazi: asiyetumia statini asianzishiwe muda mfupi kabla ya upasuaji kwa lengo hilo, anayetumia aendelee.

Kama utajiuliza kwa nini basi wasitumie dawa kali zaidi ya kuzima mwako, walijaribu. Deksamethasoni ilipimwa Uholanzi kwa wagonjwa karibu 4,500, matokeo yakatoka mwaka 2012. Methilpredinisoloni ilipimwa katika nchi 18 kwa zaidi ya wagonjwa 7,500, yakatoka 2015. Vifo na madhara makubwa havikupungua. Sehemu ya mwako huo ndiyo inayoponya jeraha, nayo huwezi kuizima ukaacha ile mbaya peke yake.

Sasa turudi kwa mkeo. Valvu yake haikuharibiwa na kolesteroli, iliharibiwa na kinga iliyochanganyikiwa baada ya maambukizi ya koo, kwa hiyo hata upande wa mafuta hana cha kutibu. Ana miaka 34: kama kuna uwezekano wa mimba au ananyonyesha, hiyo ni sababu nyingine ya kutoanza. Na wagonjwa wa mitrali wengi wanameza furosemidi, figo zao tayari zimebanwa na dawa ya kukojoza. Kumwongezea jambo linaloweza kuziumiza wiki ya upasuaji ni hatari ya bure.

Mkitaka kuzitumia vizuri siku hizo, yapo ya kufanya, na yana faida kuliko vidonge vile. Aende kwa daktari wa meno mapema, wiki kadhaa kabla ikiwezekana, jino bovu ling'olewe au lizibwe. Bakteria wa kinywani wakifika kwenye valvu mpya ni balaa ambalo huhitaji wiki nyingi za dawa za mshipa. Sindano yake ya benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2 kila wiki tatu au nne, isikatike, na tarehe ya mwisho iandikwe. Apimwe wingi wa damu. Akiwa na upungufu, madini ya chuma yanahitaji wiki, hayafanyi kazi kwa siku tatu. Kama amepigwa picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, kreatinini, kipimo cha figo, irudiwe kabla ya upasuaji. Maumivu yoyote atumie parasetamoli. Na aanze mapema mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, kushikilia kidogo na kuachia, mara kumi kila saa akiwa macho. Akishayazoea nyumbani hatayasusia wodini kifua kinapouma.

Baada ya upasuaji ulizeni kiasi cha mkojo. Kwa mtu wa kilo 60, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa sita mfululizo, au kreatinini kupanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya siku mbili, ni dalili kwamba figo zimeumia. Wauguzi wanaliangalia hilo, ila ndugu anayeuliza kwa adabu hamsumbui mtu.

Vile vidonge vipelekeni famasi. Visibaki kabatini vikisubiri mwingine.

Nina miaka 57, mfanyabiashara wa mahindi, nina kisukari. Kliniki ya moyo Benjamin Mkapa wameniambia mishipa miwili imeziba na nitahitaji kupandikizwa, labda baada ya miezi miwili. LDL yangu ni 4.1. Sijawahi kupewa statini. Nimesikia kwamba asiyekuwa nayo asianze kabla ya upasuaji. Basi nisubiri? — Kibaigwa, Kongwa

Hapana mzee wetu, usisubiri. Muulize daktari wako kuhusu kuanza sasa, wiki hii.

Ulichosikia kinamhusu mtu anayeanza siku chache kabla ya kisu kwa nia ya kupunguza mwako. Wewe una sababu nyingine kabisa: mishipa iliyoziba pamoja na kisukari, na LDL ya 4.1 mmol/L, ambayo kwa maabara zinazotumia mg/dL ni kama 158. Ungestahili dawa hii hata kama hakuna upasuaji. Miezi miwili inatosha mwili kuizoea, inatosha kurudia ALT na kreatinini, na inatosha kuona matokeo, maana nguvu ya statini kwenye LDL huonekana karibu yote ndani ya wiki nne.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Atorvastatini ya miligramu 40 hushusha LDL kwa takriban nusu, kwa hiyo 4.1 yako itashuka kama 2.1. Lengo linalotumiwa na mwongozo wa Ulaya kwa mtu wa hali yako ni chini ya 1.4. Usidhani ukiongeza dozi mara mbili utashuka mara mbili; kila ukiirudufu unapata nyongeza ya asilimia sita hivi tu. Ndiyo maana madaktari wengi, baada ya kufika 40 au 80, huongeza ezetimibi ya miligramu 10 badala ya kuendelea kusukuma statini. Sukari inaweza kupanda kidogo kwa sababu ya statini. Utarekebisha ya sukari, hutaacha ya mafuta.

Ikitokea umeitwa ghafla na zimebaki siku tatu hujaanza, hapo acha kwanza, waanze wao baada ya upasuaji figo zikishatulia. Na ukishapandikizwa ni ya maisha. Mishipa inayotolewa mguuni ni ya vena, haikuumbwa kwa shinikizo la moyo, na hujaa mafuta upesi kuliko mishipa ya asili. Wapo wanaodhani wamewekewa mpya hivyo wamemalizana na dawa. Hao huwa tunawaona tena kliniki, na mara ya pili kifua ni kigumu kufungua.

Mbukwenyi! Nalima zabibu Makutupora. Nimeanzishiwa simvastatini nikisubiri upasuaji, na jirani amenikataza zabibu, eti zinagombana na dawa. Ni kweli niache kula nilichopanda? — Mkulima

Mbukwa! Kula zabibu zako bila wasiwasi. Tunda lenye ugomvi ni balungi, na danzi liepuke vilevile. Balungi lina kemikali zinazoharibu kimeng'enya cha utumbo kiitwacho CYP3A4, kinachovunja simvastatini na atorvastatini kabla hazijaingia kwenye damu. Kikiharibiwa, dawa inaingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na misuli inaumia. Kutenganisha saa hakusaidii, sababu utumbo unahitaji zaidi ya siku nzima kutengeneza kimeng'enya kipya. Simvastatini ndiyo inayoathirika zaidi. Rosuvastatini haina shida hiyo.

Mvinyo ni habari nyingine. Mweleze daktari ukweli wa kiasi unachokunywa. Mtaalamu wa usingizi anakihitaji kuliko unavyodhani.

Shangazi alipandikizwa mishipa wiki nne zilizopita. Anameza simvastatini 40, amiodaroni na amlodipini. Sasa mapaja na mabega yanamuuma, hawezi kuinuka kwenye kigoda, na mkojo una rangi ya chai. Tunamkanda kwa maji ya moto. — Kondoa

Acheni kukanda, mpelekeni hospitali leo, na simvastatini ya leo asimeze mpaka aonwe. Mkojo wa rangi ya chai pamoja na misuli dhaifu unaweza kumaanisha misuli inavunjika na kuziba figo. Waombeni wapime CK, kipimo cha kuumia kwa misuli, pamoja na kreatinini na potasiamu. CK iliyozidi mara kumi ya kiwango cha juu ni dharura.

Mchanganyiko huo wenyewe una kasoro. Amiodaroni huongeza simvastatini mwilini, na amlodipini pia. Mtu anayemeza mojawapo hapaswi kuvuka simvastatini ya miligramu 20. Mara nyingi hutokea hivi: mgonjwa alikuwa na simvastatini yake ya zamani, baada ya upasuaji mapigo yakavurugika, akaongezewa amiodaroni, na hakuna aliyeiangalia ile ya kwanza. Akitulia, atahitaji statini nyingine kwa dozi ndogo. Asiachwe bila kabisa.

Kwa wengine wanaosoma: mguu uliotolewa mshipa huuma na kuvimba kwa wiki kadhaa, lakini ni mguu mmoja, kando ya mshono. Maumivu ya statini huja pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na unaouma kwenye shavu la mguu, usiuite wa statini wala wa mshono; unaweza kuwa na damu iliyoganda, uonwe siku hiyohiyo.

Maswali mafupi

*Asubuhi au usiku?* Simvastatini usiku, kwa kuwa hudumu saa chache na ini hutengeneza kolesteroli nyingi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku.

*Natumia ARV.* Mwenye dolutegraviri kwa kawaida hana mgongano na statini. Mwenye atazanaviri au lopinaviri pamoja na ritonaviri haruhusiwi simvastatini kabisa, na rosuvastatini isizidi miligramu 10. Taja ARV zako kwa daktari wa upasuaji hata kama unaona aibu.

*Dawa ya kiungulia, ile ya maji meupe?* Yenye alumini na magnesiamu hupunguza rosuvastatini karibu nusu. Inywe saa mbili baada ya statini.

*Virutubisho vya mchele mwekundu uliochachushwa vinavyouzwa nyumba kwa nyumba?* Ndani yake mna kitu kilekile kilicho kwenye lovastatini, kwa kiasi kisichoandikwa kwenye kopo. Ukivimeza pamoja na statini umejizidishia dozi. Acha, na mwambie daktari tangu lini ulikuwa unavitumia.

*Nina valvu ya chuma na natumia warfarini, sasa nimeanzishiwa rosuvastatini. Na mlenda je?* INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ipimwe kabla ya kuanza na tena ndani ya wiki moja au mbili, kisha kila dozi inapobadilishwa, kwa kuwa rosuvastatini na simvastatini huweza kuipandisha. Mlenda hausitishwi. Ule kiasi kilekile wiki hadi wiki, usile bakuli tatu msimu wa mvua na kijiko kimoja kiangazi bila kupima.

*Nimesahau dozi ya jana ya atorvastatini.* Kama zimebaki chini ya saa 12 kufika dozi inayofuata, ruka hiyo. Usimeze mbili kwa mpigo.